Kurudisha ngozi ya asili ya vyuma vya injini ya gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunaulizwa karakanani kwetu Ilala karibu kila wiki. Wanaouliza ni wenye Land Rover za Series, Peugeot 404 na 504, Datsun 1200 na 120Y, Volkswagen Beetle, Corolla za miaka ya 1970 na Mercedes W123. Majibu ni ya Dar es Salaam, mji wenye upepo wa chumvi na misimu miwili ya mvua. Aliyeko Dodoma anaweza kupunguza nusu ya hofu zangu za kutu.

"Fundi, nipulizie silva injini nzima ing'ae. Siku ngapi?"

Nusu siku. Kuja kuitoa ni wiki mbili, na wengi wanaokuja kwetu wamekuja kuitoa.

Injini haikutoka kiwandani ikiwa na rangi moja. Bloku la chuma cha kalibu, kile tunachokiita kasti, kwa kawaida lilipakwa rangi. Hedi ya alumini mara nyingi iliachwa kama ilivyotoka kwenye kalibu, kijivu isiyong'aa. Bolti, mabano (braketi) na klipu zilipakwa zinki, nyeupe au ya njano. Springi na vipande vingine vilikuwa vyeusi vya mafutamafuta. Menifoldi ya moshi ilikuwa kasti tupu. Viungio vya bomba la petroli vilikuwa shaba ya njano. Hizo ndizo ninazoziita ngozi: sura ambayo chuma kilivikwa kiwandani ili kisiliwe na kutu, au kiliachiwa kwa sababu hakikuhitaji kuvikwa chochote. Silva inavivalisha vyote sare kama wanafunzi wa shule moja, halafu inameng'enyuka kwenye joto, inaingia kwenye nyuzi za bolti na kuficha ufa wa hedi ambao ungeuona mapema.

Kung'aa si uasili. Nikimwonyesha mteja injini iliyofanywa sawasawa, mara nyingi ananuna kidogo mwanzoni, kwa sababu haimpigi machoni.

Gari langu limepita kwa mafundi kumi. Nitajuaje lilivyokuwa?

Tafuta palipofunikwa. Kabla ya kuosha, kabla hata ya kugusa brashi ya waya, fungua vipande taratibu na utazame chini yake: chini ya washa, nyuma ya stata, pale pampu ya petroli inapokaa kwenye bloku, upande wa chini wa mfuniko wa kichujio cha hewa, ndani ya kava ya valvu.

Nitoe mfano mmoja. Tulilegeza klipu inayoshika koili ya Datsun 120Y. Kwa nje ilikuwa na silva, chini ya silva nyeusi, chini ya nyeusi kutu. Bolti ilipotoka, washa ikabandukana na klipu kwa mlio mdogo, na pale ilipokuwa imekaa pakabaki pete nyembamba ya rangi ya dhahabu, yenye zambarau na kijani ndani yake, kama petroli iliyomwagika juu ya dimbwi la mvua. Upana wake haukuzidi milimita tatu. Hiyo ndiyo zinki ya njano ya kiwandani, na pete ile ndiyo iliyotuamulia klipu zote za upande ule. Kijana angepitisha brashi ya waya mara moja tu, ushahidi wa miaka arobaini na kitu ungeishia sakafuni.

Ukipata alama kama hiyo, ipige picha kwenye mwanga wa asubuhi ukiwa umeweka karatasi nyeupe pembeni yake. Taa ya tyubu inadanganya, njano inaonekana kijani.

Tahadhari mbili. Kwanza, hakikisha kipande ni cha gari hilo. Land Rover ngapi hapa mjini zina altaneta ya Toyota? Usisome rangi ya altaneta hiyo ukadhani ndivyo walivyofanya Solihull, kiwandani kwa Land Rover Uingereza. Pili, picha za matangazo ya kiwanda zisikutawale, maana injini ya kupigwa picha huandaliwa kwa ajili ya picha. Gari la mtu mwingine ambalo halijaguswa ni shahidi bora zaidi.

Nioshe na nini kwanza?

Mafuta ya taa na brashi ya kupakia rangi, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, kisha maji safi mengi. Petroli usitumie. Kila karakana ina hadithi ya moto wa petroli na haina haja ya nyingine.

Kisha jaribu hivi: mwagia kipande maji safi. Yakitandaa kama shuka, chuma ni safi. Yakijikusanya matonematone, mafuta bado yapo, rudia. Kazi nyingi za zinki na rangi zinazobanduka zimeharibikia hapa, na lawama inapelekwa kwa dawa.

Kutu niitoe kwa ndimu, molasi, umeme au maji ya betri?

Kwa chuma cha kawaida na kasti, tatu za kwanza zote zinafaa. Ya nne achana nayo.

Kwa ndimu simaanishi ndimu zenyewe, ingawa nazo zinafanya kazi. Nunua unga wa asidi ya sitriki, ule wanaotumia watengeneza juisi. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji, loweka saa kadhaa, toa, sugua, rudisha. Usiende kulala ukiwa umeacha klipu nyembamba humo. Tindikali ikimaliza kutu haiagi, inaendelea na chuma.

Molasi ni ya mwenye subira. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, wiki moja hadi tatu. Inauzwa kama chakula cha ng'ombe, hivyo haina shida kupatikana. Inakula kutu na chuma kizima haikigusi sana, ila inanuka, na majirani watakuuliza unapika nini. Weka pipa mbali na dirisha la mama mwenye nyumba.

Umeme ni wa vipande vikubwa vya kasti. Ndoo ya plastiki, maji, magadi soda, chaja ya betri ya volti 12. Kipande chako kinafungwa kwenye hasi, na chuma cha kutupwa, nondo kwa mfano, kwenye chanya. Ukivibadilisha, kipande chako ndicho kitakacholiwa. Magadi ya bonge ya Kariakoo, yale ya makande, yanafanya kazi lakini yana chumvi na uchafu. Soda ya kufulia kutoka duka la kemikali ni safi zaidi. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne kinatosha. Kwenye chanya usiweke kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu: maji yatageuka njano, na njano hiyo ni kromu ya sumu. Mapovu yanayopanda ni hidrojeni, kwa hiyo fanya uani, sigara mbali, na zima chaja kabla ya kunyofoa waya.

Maji ya betri yanatoa kutu haraka sana, ndiyo maana yanapendwa. Lakini yanakula nyuzi za bolti, mapovu yake yanarusha ukungu wa tindikali unaoweza kushikisha kutu vyuma vilivyo jirani, na yanaingiza hidrojeni kwenye chuma kigumu. Hiyo hidrojeni nitaieleza kwenye swali la bolti.

Kwa njia yoyote ile, kazi ngumu ni dakika tano zinazofuata. Chuma kilichotoka kwenye dawa kiko uchi, na hewa ya Dar inaanza kukigeuza rangi ya chungwa ukiwa bado unatafuta kitambaa. Suuza kwa maji yenye baikaboneti kidogo, suuza tena kwa maji ya moto, kausha kwa kompresa au kikausha nywele, paka mafuta mepesi. Uwe na kila kitu mkononi kabla ya kutoa kipande ndooni.

Na alumini? Kabureta yangu imekuwa nyeusi.

Labda uliiosha kama nilivyoiosha yangu ya kwanza. Ilikuwa ya Peugeot 404, imejaa ulimbo wa petroli, na mtu alikuwa ameniambia kostiki soda inatoa kila kitu. Kweli inatoa kila kitu. Niliitumbukiza kwenye maji ya kostiki yenye moto, ikaanza kutokota kama maandazi kwenye karai. Nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Kilichokuwa kinatoka ni kabureta yenyewe. Nilipoivua ilikuwa nyeusi tii, kingo zimeliwa, na tundu moja la hewa limepanuka. Nimeitundika ukutani karakanani na sihitaji kumweleza kijana mpya zaidi ya hapo.

Kostiki inayeyusha alumini, inayeyusha pia zinki, na kabureta nyingi za zamani ni za aloi ya moja kati ya hizo mbili. Dawa za kusafishia oveni nyingi zina kostiki. Magadi ya moto nayo yanaitia alumini weusi. Dawa kali za kung'arishia rimu, zile zinazofuka, zina tindikali ambazo nyingine zinapenya ngozi hadi mfupani, usizilete nyumbani.

Alumini inataka upole: maji ya moto, sabuni ya vyombo, mswaki, dawa ya kabureta ya kopo kwa ulimbo, na subira. Mwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo, ile ya masonara, ataona tofauti. Weusi mwepesi unatoka kwa sitriki dhaifu ya dakika chache, ukiwa umesimama hapo hapo. Msasa kwenye uso wa kalibu usipitishe. Chembechembe zile za kalibu ndizo ngozi yake, na ukizilainisha hazirudi. Hedi iliyopigwa polishi ikang'aa kama kioo ni ya gari la maonyesho, ingawa nakiri inapendeza.

Kabureta nyingi za aloi ya zinki zilitoka kiwandani na rangi ya dhahabu hafifu ya kromati, dawa ya kuchovya nitakayoieleza kwenye swali la zinki. Ukiikuta bado ipo kwa sehemu, osha tu na uiache.

Kuna vijana wanapiga mchanga kwa kompresa. Niwapelekee?

Kwa chesisi na mabano mazito, sawa, mradi mchanga si wa baharini. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ikibaki kwenye vitundu vya kasti itafufua kutu chini ya rangi. Hao vijana wenyewe wanahitaji kinga ya maana ya kupumulia, kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Vumbi la mchanga linaua mapafu polepole, na ugonjwa huo hauponi.

Kwa alumini na kabureta, hapana kabisa. Mchanga unang'ata uso, unaacha punje ndani na sura inakuwa kama ya zege. Kazi nzuri ya alumini ni shanga za kioo zinazopigwa pamoja na maji. Zinafunga uso badala ya kuuchimba, na kinachotoka ni kijivu laini cha hariri kinachokaribia sana kile cha kiwandani. Ukipata mwenye mashine hiyo, mlipe anachotaka. Ziba kila tundu la oili na la maji kabla, na baada ya hapo osha kwa maji ya moto ya sabuni mara tatu. Shanga moja iliyobaki kwenye njia ya oili itatafuta bearingi siku gari litakapowaka.

Injini ya Beetle inafuata kanuni hizohizo?

Hapana. Bloku lake ni aloi ya magnesiamu. Tindikali, hata ya ndimu, inaishambulia haraka, na vumbi lake la grinda linaweza kushika moto ambao maji yanauzidisha. Mafuta ya taa, sabuni, brashi ya nailoni, kausha, basi. Silinda zake ni kasti na zinapozwa na upepo. Usizifunike kwa rangi nzito hata zikionekana na kutu kiasi gani, joto lake litakosa pa kutokea.

Zinki nyeupe na zinki ya njano zina tofauti gani?

Zinki ni ileile. Tofauti iko kwenye kuchovywa kwa mwisho. Chuma kinapakwa zinki kwa umeme, unene wa mikroni 5 hadi 12 hivi, yaani nyembamba mara kadhaa kuliko unywele. Kisha kinachovywa kwenye dawa ya kromati ambayo ndiyo inayoilinda zinki isigeuke unga mweupe. Dawa moja inaacha rangi ya fedha yenye ubuluu kidogo, nyingine inaacha ile dhahabu ya upinde wa mvua. Ya njano kwa kawaida inahimili chumvi kuliko nyeupe, jambo ambalo mtu wa Kigamboni analielewa bila kuelezwa.

Kuchovya kwenyewe ni sekunde, si dakika. Unatumbukiza, unatikisa, unahesabu ishirini hivi, unatoa. Rangi inakuja mbele ya macho yako, kwanza majani mabichi, kisha dhahabu. Ukizidisha inakuwa kahawia chafu. Ngozi hiyo ikiwa mbichi inafutika kwa kidole, iache siku nzima kabla ya kuifunga. Wala usiikaushe kwa joto kali, ikizidi nyuzi 60 au 70 inaanza kupoteza kinga yake. Hiyo ndiyo sababu mabano ya njano yaliyo karibu na menifoldi ya moshi hupauka mapema. Hata ya kiwandani yalipauka.

Dawa ya njano ya zamani ni ya kromu yenye sumu inayosababisha saratani, na Ulaya waliifungia kwenye magari mapya tangu 2007. Zipo dawa za kisasa zenye kromu salama zaidi, njano yake mara nyingi hutokana na rangi iliyoongezwa, na ukiziweka pembeni ya kipande cha asili jicho la mzoefu litaona. Mimi natumia za kisasa. Sipo tayari kuwapumulisha vijana sumu kwa ajili ya klipu.

Naweza kupaka zinki nyumbani?

Ndiyo, kwa vipande vidogo. Unahitaji siki nyeupe, chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti), kipande cha zinki safi, sukari kidogo ya kulainisha uso, na umeme mdogo wa volti moja hadi tatu unaoweza kuupunguza. Zinki bora niliyoipata hapa mjini ni yale mabonge yanayofungwa chini ya boti ili yaliwe na kutu badala ya boti. Ulizia kwa mafundi wa boti Msasani, ila hakikisha unapewa la zinki, maana mengine ni alumini na sura zinafanana.

Zinki inafungwa kwenye chanya, kipande kwenye hasi. Kwa eneo la sentimita 10 kwa 10, amperi 1 hadi 2. Anayetia chaja ya gari moja kwa moja anapata unga mweusi unaofutika. Geuza kipande kila baada ya dakika chache, kwa sababu upande unaotazama zinki unapata zaidi na mashimo hayapati kitu. Kikitoka kitakuwa kijivu kilichofifia. Usikate tamaa, sugua kwa sufi laini ya chuma utaiona fedha ikitokea.

Mteja mmoja aliwahi kuuliza kama anaweza kupeleka bolti kwenye kiwanda cha kuchovya nguzo kwenye zinki ya moto. Asifanye hivyo. Zinki ile iko kwenye nyuzi joto kama 450 na inaacha tabaka nene mno. Nati haitaingia tena.

Bolti zote zinapakwa zinki?

Hapa sina mzaha. Bolti za kishikio cha pistoni (konrodi), za hedi, za flaiwili, za breki na za usukani usizipake zinki wala kuziloweka kwenye tindikali. Chuma kigumu kinachotiwa tindikali au umeme kinameza hidrojeni, na bolti iliyomeza hidrojeni inaweza kukatika yenyewe siku ya pili au ya tatu baada ya kufungwa, bila gari kusogea. Tazama kichwa: iliyoandikwa 10.9 au 12.9 iko kwenye kundi hilo, springi pia. Viwandani huzioka kwenye nyuzi 190 hadi 220 kwa saa nne au zaidi, wakianza muda mfupi baada ya zinki na kabla ya kromati. Oveni ya nyumbani haina uhakika huo. Hizo zisafishe kwa brashi na mafuta, ziache nyeusi, na nyingi kati yake hata kiwandani zilikuwa nyeusi.

Zilizobaki, za mabano, kava na klipu, pakaza. Usizitupe ukanunue mpya dukani. Land Rover ya zamani ina nyuzi za vipimo vya inchi ambazo duka la bolti za milimita halina, na alama za kichwani nazo ni sehemu ya gari.

Ukipeleka kwa mtu akupakie, zipange zote juu ya kadibodi, piga picha pamoja na rula, hesabu mbele yake. Niliwahi kupeleka 64 zikarudi 61, na mojawapo ya tatu zilizopotea ilikuwa ya kufungia kabureta. Tulizunguka Gerezani siku nzima tukaishia kuichonga.

Nimesikia bolti za zamani zina kadimi. Ni nini?

Ni metali iliyotumika kama zinki, zaidi kwenye magari ya Uingereza na Marekani. Inaonekana fedha laini isiyong'aa sana, wakati mwingine na unjano. Ni sumu. Kwa macho huwezi kuitofautisha na zinki kwa uhakika, kwa hiyo chukulia bolti yoyote ya fedha ya Land Rover kuwa nayo: usiipige grinda, usiichomee, usiipashe moto, usiisugue ikiwa kavu. Baada ya kuitoa, weka zinki badala yake.

Vile vyeusi vya mafutamafuta navirudishaje?

Hiyo ni fosfeti: chuma kinachovywa kwenye asidi ya fosforiki yenye zinki au manganizi ikiwa na moto wa karibu nyuzi 90, kinakuwa kijivucheusi chenye vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta. Kinga yake ni hayo mafuta. Ukiiacha kavu itashika kutu wiki hiyohiyo. Springi usizichovye humo, kwa sababu ya hidrojeni niliyoieleza kwenye bolti. Kosa la nyumbani ni chombo. Sufuria zetu karibu zote ni alumini na tindikali itaitoboa, tumia chuma kisichoshika kutu au bakuli la udongo lenye kioo. Weusi wa kuchemsha kwenye kostiki na naitreti waachie wenye kiwanda. Unachemka kwenye nyuzi 140 na tone la maji likiangukia humo linalipuka.

Nikitia kava ya valvu kromu je?

Itakuwa nzuri. Haitakuwa ya asili, isipokuwa gari lako lilitoka nayo, na ni machache. Kromu yenyewe ni chini ya mikroni moja, kinachong'aa ni nikeli iliyo chini yake. Ikifanywa bila nikeli ya kutosha, upepo wa Masaki unaibandua kabla ya masika mawili.

Menifoldi ya moshi inarudi kutu kila mara. Nifanyeje?

Ilitoka kiwandani tupu na ikashika kutu hata Ufaransa. Ukitaka sura ya kasti mpya, piga mchanga, futa kwa thina, puliza rangi ya joto la nyuzi 650 yenye kijivu cha kasti, mikono miwili myembamba. Halafu ipashe hatua kwa hatua: washa injini dakika kumi, zima ipoe, dakika ishirini, zima. Anayetoka moja kwa moja kwenda Bagamoyo anaipoteza njiani. Rangi ya kawaida ya injini haifai hapo, itafuka moshi na kuungua.

Rangi ya bloku naipataje?

Kata kipande kidogo kilichobanduka chini ya bano la injini, kisafishe kwa mate na kidole, kipeleke kwa wachanganya rangi. Waambie wasiweke mng'ao wote. Paka baada ya saa nne asubuhi na epuka siku za mvua, maana unyevu unaiwekea rangi ukungu mweupe. Sisi kazi kubwa za rangi tunazisubirisha mpaka Juni hadi Septemba. Rejeta ipulizie nyeusi nyembamba kwenye matangi, na kwenye mapezi ipite kama pumzi tu.

Nikimaliza, nitailindaje na chumvi?

Nta ya gari isiyo na silikoni kwenye zinki na alumini, mafuta mepesi kwenye fosfeti, kitambaa kikavu kila mwisho wa wiki. Adui mkubwa ni wale vijana wa kuosha magari wanaopuliza injini kwa dizeli na kumalizia kwa maji ya presha. Waambie boneti isifunguliwe. Ukivuka na pantoni kwenda Kigamboni, siku hiyohiyo futa injini kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi ikishapoa.

Maji machafu ya dawa niyamwage wapi?

Yasiende kwenye mtaro, maana mitaro mingi ya huku kwetu inaishia mto Msimbazi, na chini kuna watu wanamwagilia mchicha. Sitriki na molasi zilizotumika zizimue kwa magadi mpaka zisitoe povu. Chochote chenye kromu, zinki au kadimi kiwekwe kwenye dumu lenye jina, lifungwe, likabidhiwe kwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Kemikali zenyewe ziko chini ya sheria ya 2003 inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na mwenye karakana anayezitumia kwa biashara anatakiwa kujisajili.

Injini yangu ina kutu kidogo tu, na ngozi ya zamani bado ipo kwa sehemu kubwa. Nianze lini?

Usianze. Mzee mmoja wa Upanga alileta 504 aliyoinunua ikiwa mpya, akitaka ifanywe yote. Tulifungua boneti tukakuta njano ya klipu bado ipo, imepauka upande wa jua tu. Tuliosha kwa mafuta ya taa na mswaki siku mbili, tukabadilisha bolti nne zilizooza, tukapaka nta. Alikasirika kidogo kwamba hatukufanya kitu. Sasa anakuja kila mwaka kabla ya masika, anafungua boneti mwenyewe, anapitisha kitambaa chenye nta kwenye klipu moja baada ya nyingine, na hataki kijana wetu yeyote amsaidie.